Ngazi za Mpunga na Shamba la Mama

Mama yangu husema nimezaliwa na siafu miguuni, na safari ya China ilimpa ushahidi mpya. Mtu mwenye akili zake angeahirisha. Mvua za masika zilikuwa zimeanza kwa fujo, nyuma ya jiko la mama kule mlimani juu ya Bigwa kulikuwa na ufa ardhini unaoingia kiganja, na mimi nilikuwa nafunga sanduku.

Nauza mapazia mjini Morogoro. Wakala mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amepanga msafara wa wafanyabiashara wanawake: kwanza Guangzhou kuangalia vitambaa, halafu Guilin kutalii. Viza ilikuwa imeshatoka. Siku moja kabla ya kuondoka nilipanda kwa mama, nikateleza mara mbili njiani na kufika na matope hadi magotini, hasira zikiwa zimenipanda pia. Nilimkuta anapalilia magimbi kana kwamba hakuna lililotokea.

"Shuka, mama," nilimwambia. "Chumba kipo, umeme upo, maji yapo. Huu mlima unakuja kukuangukia."

"Na shamba?"

"Shamba halina miguu."

"Likikosa mtu linayo," alisema, akaendelea na jembe lake.

Nilijua anachosema. Kwetu Waluguru ardhi hupitia kwa mama. Shamba lile lilikuwa la bibi, likawa la mama, na kwa kuwa mimi ndiye binti yake pekee lilikuwa linanisubiri mimi. Akishuka yeye na mimi nisipande, linarudi kwenye ukoo, na mjomba analitoa kwa binti mwingine. Hapo ndipo tulipokwama miaka yote. Alikuwa akiniuliza kama nalitaka, nami nilikuwa nikimjibu kwamba silitaki, kwamba magoti yangu ni ya kukaa kwenye cherehani na si ya kupanda mteremko na jembe begani. Siku ile hakuniuliza. Alinifungia ndizi za kula njiani, akaniambia nikamwone Mchina kwao.

Uwanja wa ndege wa Guangzhou tulipokelewa na kijana wa Kichina aliyeshika kibendera cha njano. Aliwahi kufanya kazi ya barabara Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. "Shikamooni," alisema. Tukaitikia marahaba kwa pamoja, abiria wengine wakageuka kututazama. Chumbani nilipangwa na mama mmoja Mzaramo, muuza khanga, na mtu anayejua utani wa Wazaramo na Waluguru anaelewa kwamba sikupumzika tena. Aliniambia Waluguru tunalala na viatu kwa kuogopa kuporomoka kitandani.

Jambo la kwanza lililonivuruga ni simu. Laini yangu haikupiga nyumbani, na mtandao wa ujumbe tuliouzoea umefungiwa kule. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma. Wenzangu walikuwa wanashika vitambaa na kubishana bei, na mimi nilikuwa nasimama mlangoni naangalia mawingu ya Guangzhou, kama vile yangeniambia habari za mawingu ya Uluguru. Usiku nilikuwa naamka kunywa maji, na maji yenyewe ni ya moto, maana kule mgeni hupewa maji ya moto hata kama jasho linamtiririka. Mtani wangu alisema kama ningelipia nauli ya kurudi nyumbani kila nilipokwenda dirishani, ningefilisika.

Watu walikuwa wema mno, na hilo nalo lilinichosha, kwa sababu sikuwa na moyo wa kuwarudishia. Guilin, jioni, wanawake wa rika letu walikuwa wanacheza uwanjani kwa mistari, wakatuvuta mikono tuingie. Mzaramo akaingia, akawafundisha kuzungusha kiuno, wakacheka hadi wakashika mbavu. Bibi mmoja alishika misuko yangu taratibu, akauliza kwa ishara kama ni nywele zangu. Nikamwambia ni za dukani. Kijana wetu alipomtafsiria alinionyesha meno yake ya mbele, akasema nayo ni ya dukani. Nilicheka, kisha nikaona haya kwamba nimecheka wakati ufa upo palepale.

Kesho yake tukapanda boti kwenye mto, katikati ya vilima vilivyosimama kimoja kimoja kama vichuguu. Kila mtu alikuwa anapiga picha. "Mluguru umeacha milima kwenu ukaja kutazama ya Wachina," mtani alisema. "Wenzako wa Ulaya wanakuja kupanda ya kwenu, wewe unaikimbia." Nilimwendea kijana wetu nikamwomba simu yake, ambayo ilikuwa inaweza kupiga nje.

Simu ya mama ni ya tochi, na mtandao anaupata akisimama kwenye jiwe juu ya migomba. Bahati alikuwa pale. Sauti yake ilikuwa inakuja na kukatika, na boti nayo ilikuwa inapuliza honi.

"Mvua?" niliuliza.

"Ipo."

"Ufa?"

"Upo. Mwanangu, hivi shamba hili bado hulitaki?"

Nilichoka. Nimevuka bahari, bado ni swali lilelile. "Mama, mimi ninachotaka ni wewe ushuke. Basi. Hayo mengine sitaki."

"Haya," alisema. Akaniambia nisile vitu nisivyovijua, simu ikakatika.

Siku ya mwisho ya utalii tulipelekwa kwenye mashamba ya mpunga ya mlimani. Gari lilipotuacha, tulizungukwa na akina bibi wenye vikapu vya mgongoni. Mmoja, mfupi, uso umejaa mikunjo, alichukua mkoba wangu akautia kikapuni na kuanza kupanda ngazi za mawe. Nilimkimbilia. Mtu wa umri wa mama yangu anibebee mzigo, halafu nitazame wapi? Nikauvuta mkoba. Naye akauvuta. Nyuma yangu wenzangu wote walikuwa kwenye vuta nikuvute hiyohiyo, Watanzania watu wazima wananyang'anyana mizigo na vikongwe, huku wakiwaamkia shikamoo. Akina bibi wakaanza kukasirika. Kijana wetu akaja mbio, akatueleza kwamba kubeba mizigo ya wageni ndiyo kazi yao, na tukiwakatalia tunawanyima riziki.

Wenzangu walinyoosha mikono juu wakakubali. Mimi sikuweza. Nikamwambia kijana amweleze bibi: riziki yake ataipata yote, lakini kikapu nabeba mimi. Bibi alinitazama juu hadi chini, akakivua, akanivika mabegani mwenyewe na kunikazia kamba. Kisha akapanda mbele yangu mikono mitupu, akiwapungia wenzake, na wenzake wakimzomea kwa kicheko. Ndivyo nilivyopanda mlima wa Wachina na kikapu mgongoni, mimi niliyekataa kupanda wa kwetu na jembe.

Juu tulikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake ya mbao. Chini yetu mlima mzima ulikuwa umekatwa ngazi, tuta juu ya tuta, na maji yametulia katika kila ngazi. Mawe ya kingo yalikuwa yamepangwa kwa mkono. Kule kwetu, bibi yangu mzaa mama alikuwa akisimulia jinsi wazee wetu walivyokataa matuta ya mkoloni, kwa kuwa yalikuwa ya kulazimishwa, na walikuwa na haki yao. Lakini nilipoyatazama yale nilianza kupima mteremko wa mama kwa macho. Hapa kwenye migomba, ukuta mmoja. Pale nyuma ya jiko, mfereji wa kuyatoa maji pembeni, yasiingie kwenye ufa. Mikono yangu ilikuwa inachora hewani bila mimi kujua.

Bibi akauliza nafanya nini. Nikamweleza, kijana akitafsiri. Akauliza kama shamba ni la mume wangu. Nikasema hapana, kwetu ni la mama, na baada ya mama ni langu, ila mimi nauza mapazia mjini. Alimfanya kijana arudie. Kwao, alisema, binti akiolewa huondoka mikono mitupu, ardhi hubaki kwa kaka zake. Haya mashamba tunayokuja kuyatazama ameyalima tangu alipokuja kuwa mke, na hakuna hata ngazi moja iliyo yake.

"Na wewe unalo lako," alisema, "unauza mapazia?"

Kijana alitafsiri akitazama pembeni. Bibi alinijazia kikombe cha maji ya moto, nikayanywa yote. Nililitaka lile shamba. Nililitaka kwa pupa, pale pale, kama mtu aliyeona njaa ghafla. Niliomba simu tena kabla hatujashuka, na tena hotelini, na tena uwanja wa ndege. Ya mama haikupatikana.

Basi kutoka Dar lilinishusha stendi ya Msamvu, Morogoro, mchana. Nilichukua bodaboda hadi nyumbani, nikiwa nimepanga kuweka sanduku tu na kupanda mlima saa ileile. Nilimkuta mama amekaa kwenye ngazi ya mlango wangu, uso ameuelekeza Uluguru. Nguo zake zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba yangu. Nilimkumbatia nikashukuru, na kweli nilishukuru, maana aliniambia kule mlimani nyumba bado imesimama lakini jiko limekwenda na maji.

Nilimwonyesha picha kwenye simu. Nilikuwa naongea haraka: kuta tunaweza kuzijenga kidogokidogo, mawe yapo mtoni, nitapanda kila wiki, duka nitamwachia mtu. Mama alizitazama kwa makini, moja baada ya nyingine.

"Wanajua kazi," alisema. Kisha akanirudishia simu. "Mjomba wako alikuja nilipokwisha kuongea na wewe. Shamba tumempa binti wa mama yako mdogo. Ameshapanda maharage."

"Mama, ungenisubiri."

"Nilikuuliza," alisema, bila hasira yoyote. "Ukasema nishuke. Nimeshuka."

Tangu siku hiyo tumekuwa wawili wasiotulia. Yeye huamka alfajiri akafagia uwanja ambao hauna kitu, mimi naacha cherehani nakwenda mlangoni. Juzi yule mdogo wangu, mwenye shamba sasa, alishuka na furushi la magimbi na maharage mabichi. Alimwamkia mama, akaniamkia na mimi, akaniambia ufa ameujaza udongo na mvua imepungua.

"Dada, karibu siku moja upande," alisema akiondoka. "Uje utembee, uone tulivyopanda."

Nikamwambia asante, nitakuja, nikamsindikiza hadi barabarani, yeye mwenyeji wa mlima, mimi mgeni.