Karatasi za Maumivu

Kila Ijumaa niligawa karatasi za maumivu kwa wachezaji wa timu yangu ya netiboli hapa Tunduma. Zilikuwa za dada mmoja mtafiti kutoka chuoni, aliyetaka kujua wanawake wanaumiaje michezoni ili wasiendelee kuumia. Jina haliandikwi. Unajaza, unafunga bahasha, Mwalimu anakutunzia mpaka mwisho wa mwezi. Mwalimu ndiye mimi.

Mtafiti huyo alituachia pia mazoezi ya kulinda magoti, ya kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa. Niliyaita ngoma ya harusi, wakacheka, nikayafupisha, kisha nikayaacha kabisa. Mimi ni mtu wa maneno makali. Aliyelalamika mguu nilimwita mtoto wa mayai mbele ya wenzake, halafu nikajisifu mjini kwamba timu yangu haina majeruhi.

Mfungaji wetu nilimfundisha kusoma na kuandika tangu darasa la kwanza. Sasa alikuwa na mtoto mmoja, na kazi yake ilikuwa kujitwisha mizigo ya wafanyabiashara na kuivusha mpakani kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Miguu ile ndiyo iliyowalisha.

Jumamosi moja tulicheza na Wazambia. Aliruka kudaka pasi, akatua kwa mguu mmoja kwenye changarawe, goti likageukia ndani. Nililisikia likialika. Madereva wa malori waliokuja kutupigia kelele ndio waliombeba. Hospitali wakasema kazi ya mizigo aisahau.

Nyumbani nikafungua bahasha ambazo sikuruhusiwa kuzifungua. Jina halikuwepo, lakini mwandiko ule niliufundisha mwenyewe, na ile g yenye mkia mrefu. Wiki ya kwanza: goti linauma nikichuchumaa. Ya pili: linavimba. Ya tatu: linaniachia nikiwa na mzigo. Chini ya kila karatasi kulikuwa na swali, umemwambia nani? Kote alijibu: "Wewe tu, dada. Mwalimu atasema nadeka."

Wiki tatu nzima nilikuwa nimebeba maneno hayo kwenye mkoba wangu. Nilijichukia, na mpaka leo najichukia.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa kitandani, mguu umeegeshwa juu ya mto, akataka kuinuka anisalimie.

"Shikamoo, Mwalimu. Nisamehe, nimewaangusha."

"Marahaba. Kaa, mwanangu." Nikamuuliza kama goti linauma.

Alishika ukingo wa kitanda, jasho likamtoka usoni.

"Haliumi, Mwalimu," akasema.