Mita Inayojisoma Yenyewe

Msoma mita wa mtaa wetu hakuwahi kusoma mita kimyakimya. Alifuta kioo kwa mkono wa shati, akainama mpaka pua ikakaribia kukigusa, akatamka namba moja moja kwa sauti ili mwenye nyumba naye asikie. Mwezi mmoja alikuta namba za bibi wa nyumba ya kona zimesogea kidogo mno. Akaweka kalamu sikioni, akagonga dirisha kwa ngumi: "Bibi! Mbona hupiki?" Kumbe bibi alikuwa mgonjwa hoi, tukamkimbiza hospitali.

Halafu wakubwa wakafungua soko la umeme. Kampuni tatu zikatuvamia kwa tabasamu na kofia za bure, kila moja ikijigamba kwamba mita zake zinajisoma zenyewe na kutuma namba ofisini kila saa. Ushindani, eti! Kazi ya mwisho waliyompa yule bwana ilikuwa kuzifunga hizo mita. Alizifunga zote, na kila moja akaifuta kioo, ingawa ilikuwa mpya.

Wiki iliyopita alipita tu kumjulia hali bibi. Akagonga, akaita, kimya. Tulipovunja mlango, tulikuwa tumechelewa siku nne. Mezani simu ya bibi ilikuwa na ujumbe wa kampuni. Akaifuta kioo kwa mkono wa shati, akatusomea kwa sauti, neno moja moja: "Mpendwa mteja, hongera! Wiki hii umebana matumizi kuliko mtaa mzima."