Mto Uliorudi Mbichi

Jina la Mama Siki alibandikwa na wanawake wa mtaa wa nyuma, na kusema kweli hakulipenda. Lakini utamlaumu nani? Mtu akikupita saa nne asubuhi ananuka siki kuanzia kilemba hadi kandambili, utamwita nani tena, Mama Waridi? Kazi yake ilikuwa kuosha makochi, nyumba kwa nyumba, na dawa ya dukani hakugusa hata tone. Siki, magadi, chumvi, sabuni ya mche, burashi laini na jua, basi. Wateja wapya walimcheka, wakauliza amekuja kuliosha kochi au kulipika. Kochi likishatakata na halinuki kitu, kicheko kiliisha chenyewe.

Dawa kali aliziacha kwa sababu. Miaka tisa yeye na dada yake waliajiriwa kusugua viti vya maofisini kwa dawa za madumu yenye picha ya fuvu, madirisha yamefungwa ili vumbi lisiingie. Dada alianza kwa kukohoa. Baadaye kifua kikawa kinapiga filimbi akipanda ngazi, kisha hata akiwa ameketi, na mwisho kikanyamaza kabisa. Walimzika, na siku ya tano Mama Siki akarudisha sare ya watu, akaapa kwamba hakuna kifua kitakachoharibika kwa mkono wake. Kiapo hicho alimsimulia kila mteja, mpaka mumewe, fundi baiskeli mwenye maneno machache na mzaha mwingi, akamshauri akiandike ubaoni aupumzishe mdomo.

Sasa tusidanganyane, usafi wa namna hii una masharti yake. Siki na maji vinataka subira. Kitambaa cha juu hukauka upesi, lakini sponji iliyo ndani ya mto wa kukalia inaweza kukaa na maji wiki nzima, na hapo ndipo ukungu unapoota, kimyakimya, usiouona. Kwa hiyo Mama Siki alikuwa na njiti ya gurudumu la baiskeli aliyopewa na mumewe. Aliuchoma mto katikati, akahesabu hadi mia, akaichomoa na kuigusisha mdomoni. Ikiwa ya baridi, ndani bado kuna maji, na mto unarudi juani, mwenyewe apende asipende. Kwa sharti hilo aligombana na wengi, na hakuwahi kulegeza.

Mteja aliyemheshimu kuliko wote alikuwa mwalimu mstaafu, mama mtu mzima, aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa kike wa miaka sita. Mtoto alikuwa na pumu. Daktari aliwakataza kila dawa yenye harufu kali, ndiyo maana Mwalimu akamtafuta Mama Siki, akamwita mwanangu, na kumsifu kwa majirani bila breki.

Ilikuwa msimu wa mvua mtoto alipomwaga kikombe kizima cha maziwa kwenye mto wa kati wa kochi lao la watu watatu. Maziwa yalizama hadi ndani. Kufuta juujuu kusingesaidia. Ilibidi sponji ioshwe yote, na Mama Siki akaubeba mto kwenda nao kwake. Akauosha, akaukamua, akauanika barazani, na mvua ikanyesha siku nne bila simile. Siku ya tano Mwalimu akampigia simu. Mama wa mtoto alikuwa anakuja kesho yake kutoka kazini mbali, walikuwa hawajaonana mwaka wa tatu huo, na kochi lilikuwa na pengo katikati kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno.

Mama Siki alichoma njiti, akaigusisha mdomoni. Baridi. Akachoma upande wa pili. Baridi. Mumewe akasema makalio ya wageni yataukausha. Alikuwa anatania, masikini, lakini mkewe alilichukua neno lile kama ruhusa.

Kesho yake alipoupachika mto mahali pake, Mwalimu aliuliza jambo moja tu. "Umekauka sawasawa, mwanangu?"

"Umekauka, Mwalimu."

Akanywa chai aliyokaribishwa, akaaga, akaenda zake.

Harufu ilianza wiki ya pili, na ilianzia kwake. Aliisikia kwenye shuka alizokuwa ametoka kuzianua, kwenye mkate, kwenye kofia ya mumewe. Harufu ya ukungu, ya chumba kisichofunguliwa. Aliisugua nyumba yake kutoka dari hadi sakafu, ikabaki. Mumewe alinusa alipoelekezwa anuse, akasema hapa pananuka mke tu. Akiwa kazini, amepiga magoti mbele ya kochi la mtu, alisikia nyuma yake kifua kinapiga filimbi. Aligeuka, hakuna mtu. Filimbi ile aliijua, ilikuwa ya dada yake, kazini aliisikia miaka miwili ya mwisho. Siku hizo aliifunga kazi mapema na kurudi nyumbani. Aliogopa, na aliona haya kuogopa.

Kwenda kwa Mwalimu hakwenda. Labda umekauka wenyewe, alijiambia. Labda. Neno hilo lilimtosha mwezi mzima.

Kisha muuza mboga, ambaye habari hazimlali tumboni, akamweleza kwamba mjukuu wa Mwalimu amelazwa mara mbili, na daktari amesema kuna kitu ndani ya nyumba kinachomdhuru. Mwalimu ametoa zulia. Ameshusha mapazia yote. Hata paka amemgawa, na mtoto alilia siku nzima. Waswahili husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa aliyeficha alikuwa mwingine na wa kufa alikuwa mwingine. Mama Siki aliweka chini fungu la mchicha alilokuwa ameshika. Akashika njia ya kwa Mwalimu.

Njiani akapanga. Angesema amepita kutoa huduma ya bure kwa wateja wa zamani. Angeuchukua mto, amtafute fundi wa makochi, wabadilishe sponji, aurudishe jioni ileile. Mtoto angepona na heshima yake ingebaki. Mpango ulikuwa mzuri, na ungefanikiwa, hilo ndilo baya lake.

Sebule ya Mwalimu ilikuwa tupu, sakafu wazi, madirisha hayana kitu. Lilibaki kochi tu, na mtoto ameketi wima kwenye mto wa kati, kwa kuwa akilala chali anakosa pumzi. Kopo lake la kuvutia dawa lilikuwa mapajani. Mwalimu alifurahi kumwona mgeni wake, akasema ametoa kila kitu humu ndani isipokuwa hicho kiti, maana ndicho pekee anachojua kimeoshwa na nani. Akamhimiza mtoto asogee, shangazi aangalie mto wake.

Mama Siki akashika zipu. Hakuhitaji kuifungua, harufu ilimjia usoni, ileile. Na mtoto aliposogea, kifua chake kikapiga filimbi, ndefu, nyembamba, na safari hii Mama Siki alipogeuka kulikuwa na mtu.

Akajikaza kisabuni. "Mwalimu, mto huu ulirudi mbichi. Nilijua. Niliupima mara mbili, nikakudanganya."

Akaifungua zipu. Sponji ilikuwa nyeusi katikati, ukubwa wa sahani.

Mwalimu hakupaza sauti. Alimbeba mjukuu wake, mzito kama alivyokuwa, akampeleka kwenye kiti cha mbao jikoni karibu na dirisha, kisha akarudi na kusimama mlangoni.

"Harufu niliisikia siku ya tatu," alisema. "Kwa pua yangu hii. Nikaiambia inyamaze, aliyeosha ni Mama Siki."

Mama Siki akaubeba mto na kutoka, na hakusindikizwa.

Mtoto alipata nafuu, ilimchukua miezi. Mama Siki huyajua hayo kwa muuza mboga, kwa kuwa kwenye nyumba ile haitwi tena. Na Mwalimu hakumwambia mtu yeyote. Hakuna jirani anayejua, wala mteja aliyepungua. Wameongezeka, wanaitana kwa sifa zilezile. Angemtangaza mtaa mzima ingekuwa afadhali.

Siku hizi akirudisha mto, Mama Siki hauachii mpaka mwenyewe auinamie. Husema, tafadhali, nusa kwanza. Nao wanacheka, wanaupokea kwa mikono miwili.

"Ninuse nini, Mama Siki? Si umeosha wewe?"