Upande wa Pili wa Msumeno

Kazi yangu ilikuwa miti. Sisemi kukata kuni, wala kupasua mbao. Wazungu wa Arusha walipanda mijakaranda mbele ya nyumba zao wakaisahau, na ilipoanza kukwaruza mabati ndipo walipotutafuta. Tulipunguza matawi, tulishusha mikaratusi mizee iliyoegemea mapaa, na kwenye mashamba ya kahawa upande wa Tengeru tulipogoa migrevilea, ile miti ya kivuli, ili kahawa ipate mwanga. Bwana aliyetuajiri, Mzungu mwenzao, alikuwa na lori, kamba nyingi, na hasira. Hasira nilikuwa nazo hata mimi, kwa hiyo tulielewana.

Upande wa pili wa msumeno alikuwepo shemeji yangu, mume wa dada yangu. Ule msumeno wetu wa zamani ulikuwa mrefu, una mpini huku na mpini kule, na ulitaka watu wawili. Hausukumwi. Unavuta, halafu unalegeza ili mwenzako avute. Ukisukuma unapinda, na mwenzako anakutukana. Mimi nilitukanwa sana nilipoanza.

Miaka tuliyovutana ilinifanya nimjue shemeji kwa mikono kuliko kwa maneno. Asubuhi, kabla jua halijafika kwenye shina, nilishajua kama amelala vizuri au amegombana na dada yangu. Naye alinijua hivyohivyo. Akiona nimelegea alisema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Shemeji, leo umekula uji wa mgonjwa?" Tulicheka, tukaendelea. Siku hizi nikikumbuka kicheko kile nasikia kukasirika, na sijui namkasirikia nani.

Tulikuwa na ishara moja ambayo hakuna aliyetufundisha. Anayevuta anaangalia shina, hawezi kuangalia juu. Basi mmoja wetu akisikia mti umelia, au akiona tawi kavu limecheza huko kileleni, aliweka kiganja chake mgongoni mwa msumeno, pale pasipo na meno. Mwenzake aliuhisi ule mkandamizo mikononi na kuacha papo hapo. Hakuna aliyepiga kelele. Ishara hiyo ilituokoa mara nyingi, na tulikuwa tukiitoa bila kufikiri, kama mtu anavyofumba jicho vumbi likija.

Halafu ikaja misumeno ya moto, hii ambayo watu sasa wanaiita chenso. Bwana alileta miwili kutoka duka la Mhindi mjini ili tuijaribu kwenye mikaratusi kando ya barabara ya Olmotonyi. Mmoja ulikuwa mkubwa, injini upande mmoja, bapa refu lililozungukwa na mnyororo, na kule mwisho mpini wa mtu wa pili. Mwingine ulikuwa mdogo, wa mtu mmoja. Bwana aliiweka yote chini kwenye majani, akawasha kiko chake.

"Nyinyi nataka gani?" akatuuliza. "Hii kubwa ao hii dogo?"

Tuliijaribu asubuhi nzima. Ule mdogo ulikuwa mzuri, sitadanganya. Ulikuwa mwepesi, ungeweza kupanda nao juu ya tawi, na uliwaka kwa kuvuta kamba kidogo tu. Ule mkubwa ulikuwa mzito kuubeba mlimani, ulikunywa mafuta, na ulitetema mpaka meno yakagongana. Shemeji aliushika ule mdogo akaugeuzageuza, akatafuta mahali pa kushika mtu wa pili. Akaurudisha chini taratibu. Kila mmoja wetu alikwishaelewa kwamba ukichaguliwa ule, mmoja wetu anarudi nyumbani, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kijana zaidi, asingekuwa mimi.

Shemeji alikuwa na kihamba kidogo cha kahawa na migomba juu ya Maji ya Chai, kidogo kwelikweli, maana baba yake aliwagawia watoto wengi wa kiume. Watoto wake walikuwa shule ya misheni. Bila kazi ya miti asingekuwa na mbele wala nyuma. Nilimwambia Bwana kwamba ule mkubwa ndio wa maana, kwamba mti mnene unataka bapa refu, na kwamba kwetu mtu haangushi mti peke yake. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Bwana akaitikia kwa kichwa, akanunua ule mkubwa. Jioni tulipoteremka kwenye lori shemeji akaninong'oneza, "Asante," basi. Nikafurahi sana. Nilidhani nimemwokoa.

Maisha na ule msumeno yalikuwa mabaya kuliko nilivyotarajia. Moshi ulituingia kooni. Tukirudi nyumbani masikio yalivuma mpaka wakati wa kulala, na mke wangu alinisemesha mara mbili ndipo nisikie. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa bado umekaa mlimani, vidole viliniwia vyeupe, nikashindwa kushika kikombe cha chai. Lakini lililoniuma zaidi ni kwamba tuliacha kuzungumza. Injini haikuruhusu. Mikono yangu nayo haikusikia tena kitu kutoka upande ule ila mtetemo, na kama shemeji alikuwa na huzuni au furaha sikujua. Tulikuwa tunashika chuma kimoja, kila mtu kivyake.

Siku yenyewe tulikuwa mjini, kwenye bustani ya nyumba moja karibu na mto. Mkaratusi ulikuwa mzima kwa nje na umeoza kwa ndani. Tulikata mdomo, lile pengo la kuuelekeza mti, upande wa kuangukia, tukahamia nyuma, nikawasha injini, tukaanza kuingia. Mimi niliinamia injini. Shemeji alikuwa kwenye mpini wa mwisho, mbali na makelele kidogo, na nadhani ndiye aliyesikia mti ukilia ndani, au aliona kilele kimetikisika. Alifanya lile lililotuokoa miaka yote. Aliachia mkono mmoja, akaweka kiganja mgongoni mwa msumeno.

Ule haukuwa na mgongo. Mnyororo unazunguka juu na chini.

Sikuhisi chochote mikononi. Hilo sitalisahau. Nilikuja kujua nilipoona damu kwenye magome, nikazima injini, na katika ukimya ule nikamsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shemeji, acha, mti umelia." Alikuwa bado ananionya. Kisha akautazama mkono wake.

Vidole vinne vilikwenda. Kilibaki kidole gumba. Bwana alimpeleka hospitali mwenyewe kwa lori, akaendesha vibaya kwa wasiwasi, na baadaye alimpa blanketi na sukari na maneno mazuri. Sikumchukia. Juma lililofuata alirudi kwa Mhindi akanunua ule msumeno mdogo, akanikabidhi. Nilifanya nini? Niliupokea. Nilikuwa na watoto wangu, na sasa nilikuwa na wa dada yangu pia.

Dada yangu hakunilaumu. Angenilaumu ningepata pa kujibu. Alinikaribisha chai kama siku zote na kuniambia tumshukuru Mungu kwa uhai. Jumapili kanisani shemeji alishika kitabu cha nyimbo kwa mkono wa kushoto, na ule mwingine aliuficha ndani ya koti. Watu wameniuliza kama najilaumu. Sijilaumu. Wangeniwekea misumeno ile kesho ningechagua uleule, kwa sababu ileile, na hilo ndilo linalonikatisha tamaa. Sioni mahali ambapo ningegeuka.

Mwaka ule mvua zilikuwa kubwa, na mringaringa uliokuwa nyuma ya nyumba yao ukaanza kulalia jiko. Dada akaniomba nikaukate. Nikaomba msumeno kwa Bwana, nikapanda nao Jumamosi mchana. Shemeji alitoka ndani amevaa sweta lake la kazi na buti, zile zile alizokuwa akizivaa kwenye lori. Akauzunguka mti, akakitazama kilele, akaja akachuchumaa ng'ambo ya shina, mahali pake.

"Shemeji, sogea," nilimwambia. "Huu hauna upande huo."

"Wewe kata," akasema. "Mimi nakuangalizia juu."

"Nikiwasha sitakusikia."

"Utaniona."

Nilibishana naye mpaka dada akatoka jikoni akamshika bega, ndipo akasimama na kwenda kukaa chini ya migomba. Nikakata. Sijawahi kukata vizuri kama siku ile, na nilitamani nikosee, nilitamani msumeno ukwame nimwite anishikie kabari, hata kwa mkono wa kushoto. Haukukwama. Mringaringa ulilala pale pale nilipotaka, kati ya jiko na kahawa, bila kuvunja hata jani la mgomba.

Nikazima injini. Shemeji akaja, akalizunguka shina lililobaki, akapitisha kidole gumba kwenye ule mkato. Ulikuwa laini.

"Kumbe kweli," akasema. "Huhitaji mtu."

Nilitaka kumwambia namhitaji. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Lakini mti ulikuwa umeshalala pale chini, na alikuwa ameuona.