Flashi za Wateja wa Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kompyuta yake ya nyumbani ilivaa vizuri kuliko mimi: kitambaa cha kudarizi juu, kingine chini ya kipanya. Wateja walimletea picha za mitindo kwenye flashi, naye alizichomeka zote. Programu ya kuzuia virusi ilipolalamika, aliizima.

"Shangazi, hizo flashi zitakuletea maradhi."

"Mteja nimpekue kama askari wa getini? Kamalize kwanza hiyo diploma."

Hapo alinipata, maana diploma ya kompyuta nilikuwa nimeiacha njiani.

Juzi flashi ya bibi harusi mmoja iliingiza virusi, mafaili yote yakafungwa. Nilihangaika mpaka mashine ikapona, lakini mafaili yaliyokuwemo hayakurudi. Mitindo haikumuumiza, anayo kichwani. Aliuliza jambo moja tu.

"Na sauti ya marehemu, ile anayoimba huku akinyoa ndevu?"

Mumewe alirekodiwa mara hiyo moja, na nakala nyingine hatukuwa nayo.

"Imekwenda, Shangazi."

"Ningekagua flashi zao, wateja wangeninunia siku moja tu," alisema. Kisha akaanza kuuimba wimbo ule mwenyewe, taratibu, akakwama ubeti wa pili.