Maombi ya Moja kwa Moja, Ngulyati

Mimi natangaza kipindi cha kila Alhamisi cha kuombea wagonjwa redioni, hapa Bariadi. Huwa nakirekodi mapema, kisha najifanya niko hewani moja kwa moja, maana wasikilizaji hupenda hivyo.

Alhamisi nilikwenda Ngulyati kumzika Mama Kabula, msikilizaji wangu. Nilibeba vijitabu vya faraja, uso nimeukunja kitumishi. Bichwa langu hili lilishasahau kwamba nilimrekodia maombi.

Kabla jeneza halijafungwa, mumewe akawasha redio.

“Saa yake ya maombi imefika. Leo nani kakushikia kipindi, mtumishi?”

Sauti yangu ikanguruma: “Niko nanyi moja kwa moja! Mama Kabula wa Ngulyati, nakuona unainuka kitandani!”

Waombolezaji wote wakanigeukia. Mzee akaizima redio taratibu.

“Alikataa hospitali,” akasema. “Alisema anasubiri Alhamisi, umwombee.”