Datsun ya Njagi Yaenda Kuoa Kianjai

Ukimwuliza Njagi wa Majimbo habari za pikapu yake, atakuambia kwanza kwamba yeye ni mjinga, ndipo akusimulie. Ni karani wa ofisi pale Embu mjini, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Alivuka miaka arobaini akijipikia mwenyewe, akijishonea vifungo mwenyewe, na kujisifu kwa yote mawili. Kwake kuomba msaada kulikuwa sawa na kuvua suruali sokoni.

Joyline, mwalimu mzaliwa wa Kianjai kule Meru aliyefundisha Manyatta, alimpenda hivyo hivyo, ila kwa mashaka. "Njagi, wewe huhitaji mtu," alimwambia siku moja wakinywa chai. "Sasa mimi nitakuja kwako kufanya nini? Kukuangalia?" Alikubali wazee wapeleke mahari kwao, lakini neno la mwisho alisema atalitoa mwenyewe siku hiyo, mbele ya watu. Njagi aliumia sana. Kisha akafanya upumbavu wa mwaka: aliamua kumwonyesha jinsi alivyo mwanamume asiyehitaji mtu.

Marehemu baba yake alikuwa amemwachia pikapu ya Datsun ya miaka ya sabini, iliyolala nyuma ya nyumba ya mama huko Manyatta, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Injini ilikufa zamani. Njagi akanunua injini ya kisasa, zile zinazoongozwa na kompyuta, akaapa kuifunga mwenyewe kwa kutazama video za simu. Majirani walipokuja kumsaidia kuiinua, aliwashukuru akawarudisha makwao. Akatupa kamba juu ya tawi la mparachichi, akavuta. Tawi lilivunjika, injini ikatua juu ya jiko la mama, na mama akapikia mafigani kwa muda mrefu.

Hata hivyo ilifungika, ikawaka. Balaa ikabaki kompyuta yenyewe, kisanduku kidogo chenye mkia wa nyaya. Chini ya boneti kungekuwa na joto, na mbele ya dereva hapakuwa na nafasi ya kiberiti. Basi akaifunga nyuma, panapokaa mizigo, akaifunika gunia isiingie vumbi. Gunia lenyewe lilikuwa limebeba chumvi ya ng'ombe. Hapo, Njagi husema, ndipo elimu yake ya chuo ilipoonekana wazi.

Siku ya mahari walipakia nyuma beberu mmoja aliyenona, na mtungi wa asali wakaupakata mbele, kwani kwa Wameru ukija bila asali ni kama hukuja. Mjomba wake, mzee Ngari, msemaji wa ukoo, alikaa kando yake. Jamaa wengine walikodi gari wakatangulia. Datsun ilipanda na kushuka vilima vya Chuka kama kijana aliyelipiwa chai, na Njagi akawapigia honi watu asiowajua.

Ilikohoa mara ya kwanza ilipopita soko la Kianjai. Ilikohoa tena, ikazimika katikati ya mwinuko wa kwenda kwa mzee Salesio, baba yake Joyline, mbele ya akina mama waliosimama langoni kuwapokea kwa nyimbo. Nyimbo zikafifia. Njagi alifungua boneti akatazama kwa uso wa mtaalamu, asione kitu. Akazunguka nyuma. Beberu alikuwa amelilamba gunia, akalila, akaendelea na nyaya. Waya mwekundu ulimning'inia mdomoni, naye akitafuna kwa utulivu wa mgeni aliyealikwa.

Njagi akaweka bega kwenye gari, akasukuma peke yake. Gari halikusogea. Kilichosogea ni mshono wa suruali yake ya suti.

"Njagi," mjomba alisema kupitia dirishani, amekumbatia mtungi wake, "mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ongea na watu."

Langoni Njagi alimwona Joyline amekunja mikono, hacheki, haji. Anangoja tu. Njagi akaogopa vile hajawahi kuogopa, kwa maana alielewa kwamba anaweza kurudi Embu bila huyu mwanamke, na kosa litakuwa lake mwenyewe.

"Wazazi wangu," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Hii gari imenishinda. Naomba mnisaidie."

Mzee Salesio alisogea na fimbo yake. "Imeharibika nini?"

"Mbuzi yenu imekula kompyuta, mzee."

"Yetu?"

"Ile ya mahari, mzee."

"Hiyo bado hatujapokea," Salesio alisema. "Hiyo makosa ni ya mbuzi yako."

Akina mama wakaangua kicheko, na Njagi, ambaye hakuwa na pa kujificha, akacheka nao mpaka machozi yakamtoka. Alipoyafuta, Joyline alikuwa amevua viatu vyake vya kisigino na kumpa mjomba avishike. Akaja akasimama kando ya Njagi, akaweka viganja viwili kwenye bati la gari.

"Umesema nini pale?" alimuuliza polepole.

"Nimeomba msaada."

"Mimi hujaniomba."

Njagi akamgeukia. "Nisaidie, Joyline. Peke yangu siwezi."

Joyline akainama, akaanza kusukuma.

"Baba," aliita bila kuinua kichwa, "huyu nimemkubali. Ongezeni mikono."